Mdomo wa Kukodi: Maisha ya Mustapha Mfaume Kama Alivyoyasoma Mdogo Wake

Sheikh wetu wa msikiti, wazee, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Mohoro, wageni mliotoka Kibiti, mliovuka kutoka visiwani na mliokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, assalaam alaykum. Naitwa Abubakary Mfaume, mdogo wake marehemu, baba mmoja na mama mmoja, mwalimu mstaafu, na familia imeniweka mimi nisome maisha ya ndugu yetu kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda kusaliwa. Karatasi ninayo, nimeiandika kwa mkono wangu, kurasa nne, na nitajitahidi niisome kama ilivyo.

Kwanza niseme jambo ambalo nusu yenu mmeshalisikia barazani. Mnaujua utaratibu wetu, kwamba kabla maiti hajatolewa uani msemaji wa familia huuliza kama yupo aliyekosewa na marehemu, na aliyekosewa huombwa amsamehe hadharani, watu wakisikia, ili mtu aende kwa Mola wake akiwa mwepesi. Sasa leo asubuhi Bi Mwanamina Kudra, muuza kamba wa baharini kwa miaka mingi, ambaye hapa hakuna asiyemjua, amemwambia shemeji yangu mbele ya wanawake wenzake kwamba amekuja kuzika, hakuja kusamehe, na kwamba tusimuulize, tutaaibika. Yupo pale upande wa akina mama, kwenye mkeka wa kwanza, namwona, na swali hilo ni langu kuliuliza nikimaliza kusoma.

Marehemu Mustapha Mfaume alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Februari mwaka 1960, katika kitongoji kimoja cha ng'ambo ya mto ambacho leo hata msingi wa nyumba huuoni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mfaume bin Salumu na Bi Subira, na wa kwanza kukua, wale wawili waliomtangulia wakiwa wamefariki wachanga. Mimi nilizaliwa mwaka 1963, na nilipofika miaka minne mjomba alikuja akanichukua nikalelewe Kibiti, barabarani, karibu na shule, kwa hiyo Mustapha alikulia bondeni na baba, akilala naye kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko, na mimi nikakulia kwenye nyumba ya bati. Watu walisema nimepata bahati, lakini aliyekuwa anamwonea mwenzake kijicho ni mimi, kwa sababu kila alipokuja Kibiti kututembelea alikuwa na kisa kipya, na mjomba aliacha wali upoe akimsikiliza, lakini mimi nikisoma kitabu cha shule kwa sauti, mjomba yuleyule alisinzia.

Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, watu wa bondeni walihamishwa wakapelekwa vijiji vya juu, na Mustapha, akiwa na miaka tisa, alipanda lori pamoja na kuku wawili na mlango wa nyumba yetu, maana baba alikataa katakata kuuacha mlango. Wazee mliopanda malori yale mnajua ninachosema, na ninyi vijana mjue kwamba hapa kwetu neno lori lilibaki neno la kumtisha mtu kwa miaka mingi. Naomba mlishike hilo, kwa sababu huko mbele ya karatasi hii mtalihitaji.

Alianza darasa la kwanza hapa Mohoro mwaka 1970, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, wakati huo kwenye shule nzima walichaguliwa wawili. Mimi nilichaguliwa mwaka 1979, nikamaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha Kiswahili na Kiingereza kwa miaka thelathini na minane, na nasema haya si kwa kujisifu, mtani wetu Sijaona acha kucheka, nasema ili ieleweke kwamba katika nyumba ya Mzee Mfaume aliyesomea lugha nilikuwa mimi, na aliyeitwa bingwa wa lugha alikuwa yeye.

Mwaka 1978 alipata kibarua cha kubeba turubai jeupe kwenye gari la sinema la serikali, lile lililokuwa likizunguka vijijini, na siku moja huko Ngarambe mtafsiri alipougua homa wakampa Mustapha kipaza sauti, na hakukirudisha mpaka gari lilipoharibika kabisa mwaka 1986. Mwaka 1987, tarehe 8 Agosti, alifunga ndoa na Bi Salama binti Abbasi, wa hapahapa Mohoro, na wakajaaliwa watoto wawili, Hafsa na Khamisi, ambao wote wapo, pamoja na wajukuu watano. Barua ya posa niliiandika mimi, kwa ombi lake, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, na marehemu Mzee Abbasi aliisifu barua ile kwa miaka mingi, akisema mkwe wake anajua kuandika, na kaka yangu hakuwahi kumwambia imeandikwa na nani. Shemeji, samahani, najua hili halimo kwenye karatasi.

Mwaka 1992 alifungua kibanda cha video Kibiti, akiwa na televisheni moja, deki moja na jenereta, na hapo ndipo jina lake lilipoenea. Alipata kanda za sinema za zamani za Kimarekani, zile zisizo na rangi, wanaume wamevaa kofia ndani ya nyumba na wanawake wanavuta sigara, na Mustapha, ambaye Kiingereza chake kilikuwa maneno ishirini, alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti akawatilia watu wale maneno ya kwetu. Mimi niliingia mara moja nikakaa nyuma na kalamu, nikahesabu makosa arobaini na moja. Kulikuwa na mwanamke mmoja anamwambia mumewe kwamba tiketi ya treni ameiacha hotelini, na Mustapha akamsemesha, nimekupikia wali wa nazi tangu asubuhi, wewe umeshiba kwa jirani, na wallahi watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Nilitoka na karatasi yangu ya makosa, nimekasirika, na nilikuwa nacheka pia.

Nikamwambia kaka, nitakusaidia, nikaketi na kanda ile siku tatu nikaandika tafsiri sahihi, neno kwa neno, na yeye kwa heshima yake akaisoma yote Jumamosi moja kibanda kimejaa. Watu walianza kutoka mmoja mmoja. Mzee mmoja akamuuliza kwa huruma kama anaumwa. Mustapha alipomaliza alinishukuru mbele ya waliobaki, akasema ndugu yangu amefanya kazi kubwa, na mimi nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu hakunicheka.

Sasa nimefika ukurasa wa tatu, na hapa nimeandika hivi, nawasomea: Mwaka 2000 marehemu alishiriki katika utengenezaji wa taarifa za video za uchaguzi wa udiwani. Nimeiandika sentensi hii jana alasiri, nikaisoma, nikaona inapendeza. Ni uongo, jamani. Niacheni niieleze vizuri, maana ndiyo inayomfanya Bi Mwanamina akae pale amefunga uso.

Mwaka ule Bi Mwanamina aligombea udiwani wa kata yetu, mwanamke peke yake, na sera yake ilikuwa moja, kwamba wanawake wanaonunua kamba kwa wavuvi wa visiwani wawe na ushirika wao, mizani yao na barafu yao, wauze wenyewe bila kupitia kwa mtu. Mtu huyo, mfanyabiashara wa kamba, ambaye sitamtaja kwa kuwa naye ameshafariki, alikuwa ndiye mpinzani wake. Akatuma watu kwa Mustapha, wakamtaka atunge taarifa ya dakika kumi, ionekane kama habari ya kweli, wakulima wa bondeni wakihojiwa, na kila mmoja aseme kwamba Mwanamina akipita bonde litauzwa na malori yatarudi kama mwaka 1969.

Mustapha alikataa. Aliwaambia, na nilikuwepo nikisikia, kwamba yeye maneno ya uongo anawatilia Wamarekani waliokufa zamani, ambao hawatarudi kumuuliza, lakini hawezi kumtilia jirani yake. Wakaondoka, na kesho yake wakaja shuleni kwangu, wakasema mwalimu, tumeambiwa katika familia ile msomi ni wewe. Ndugu zangu, nilikuwa na miaka thelathini na saba, na hakuna mtu aliyewahi kunijia akaniambia niandikie sinema. Nilikuwa najua wanataka nini, na sikusita hata kidogo. Niliandika kwa siku mbili za likizo, na niliandika vizuri, hilo nalo niseme, nikamweka mkulima amejilaza kwenye dungu lake jioni, mpunga ukiwa nyuma yake, anaeleza jinsi alivyopandishwa lori akiwa mtoto, na mpaka leo najua kisa kile nilikitoa wapi, maana hata mlango nilimpa.

Mkulima yule alikuwa mtu wa kukodiwa kutoka mbali, na kanda ilichezwa kila kijiji kwa jenereta la mfanyabiashara, kabla ya sinema. Kina mama wa kamba walianza kujiondoa kwa Mwanamina wiki ileile, wengine wakiwa ni shoga zake wa utotoni, na siku ya kura akashindwa kwa kura hamsini na nane. Na kwa kuwa huku kwetu mtu aliyejulikana kutunga maneno ya sinema alikuwa mmoja tu, hakuna aliyejisumbua kuuliza nani katunga. Bi Mwanamina alimkuta Mustapha sokoni, akamwambia mbele ya watu kwamba Mzee Mfaume amezaa mdomo wa kukodi, na Mustapha akainamisha kichwa, akapita.

Siku ya tatu nilikwenda kwa kaka. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, nimepanga mpaka maneno, na nilipofungua mdomo akanikatisha. Akasema, Abu, nani kakufundisha kwamba mtu wa dungu akishapanda kujilaza anaacha ngazi imesimama chini? Akasema, ngazi huvutwa juu, simba si mgeni wa kukaribishwa, hili kila mtoto wa bondeni analijua, aliyeandika hii amelelewa kwenye nyumba ya bati. Wazee, ngazi ile ilionekana kwenye kanda kwa dakika nzima, mmeitazama ninyi nyote mliolala kwenye madungu, na hasira haikuwaacha mkaiona. Mustapha aliiona mara ya kwanza tu.

Nikamwambia nitakwenda kwa Mwanamina niseme. Akanikataza, akasema wewe ni mtumishi wa serikali, ukijulikana umefanya kampeni utafukuzwa na wanao bado wadogo, mimi kibanda changu hakuna wa kunifukuza, acha liniangukie mimi. Ningekuwa mtu ningekwenda tu. Sikwenda. Na hilo ndilo ninalotaka mlisikie, kwamba sikumshukuru, nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kwamba hata katika kubeba lawama yangu yeye ametokea mtu mzuri na mimi nimetokea mdogo. Wivu ukishakaa nyumbani kwako unakula na wewe sahani moja, mimi nimekula na wangu miaka ishirini na minne.

Kibanda kilifungwa mwaka 2009, akarudi Mohoro kulima, na kati ya mwaka 2013 na 2015 aliandika kwenye madaftari sita ya shule ile sinema mnayoijua, ambayo aliipa jina lile alilotukanwa, Mdomo wa Kukodi. Ni hadithi ya mtafsiri wa kibanda cha video anayetafsiri sinema za zamani za Marekani, mpaka uchaguzi unafika na wakubwa wanamtaka awatungie uongo, na katika sinema ile mtafsiri anakubali. Anakubali! Hakuna mwalimu humo, hakuna mdogo wake, kosa lote amelibeba mwenye kibanda. Ilipigwa picha huku delta mwaka 2016, ikaonyeshwa Dar es Salaam mwaka 2018, ikapata tuzo ya mswada bora, na mimi nilikuwepo ukumbini, nimevaa suti ya kuazima, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma, huku nikiomba ajikwae kwenye ngazi za jukwaa.

Walimu wenzangu mlioko hapa, niliwaambia kwamba nusu ya mswada ule ni wangu. Si kweli. Nilimchapia tu kwenye kompyuta ya shule, na nilibadilisha koma. Alikuwa akikaa pembeni yangu anasubiri, ananiuliza kila ukurasa, Abu, inasomeka? Nami nilikuwa najibu, inajitahidi.

Bi Mwanamina alipoiona sinema ile, mnajua alisema nini, alisema amekiri kwa Dar es Salaam nzima, kwangu hajaja, na amechukua kilio changu amekifanyia jina. Alikuwa na haki ya kusema, kwa alichokijua. Mustapha alikwenda kwake mara mbili, akafungiwa mlango, na hata kama angefunguliwa asingenitaja, namjua.

Ugonjwa. Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2019, akawa anahudhuria kliniki Kibiti bila kukosa, na mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2024, maji yalipojaa bondeni, alijikata mguu akisaidia majirani kutoa vyombo, kidonda kikakataa kupona, akalazwa hospitali ya wilaya, kisha Dar es Salaam ambako mguu ulikatwa tarehe 3 Julai, na akafariki jana, Jumatano, tarehe 24 Julai 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Shemeji Salama alikuwa naye. Amenieleza kwamba juzi alimwambia, historia yangu isomwe na Abubakary, yule ndiye mwandishi wa nyumba hii. Sasa mimi nimesubiri maisha yangu yote mtu aniambie neno hilo, nililitamani kutoka kwa mjomba, kwa mkuu wa shule, kwa wageni, na limekuja kutoka kwake, na amelisema wakati siwezi tena kumjibu. Naomba mnivumilie kidogo.

Sawa. Swali nililopewa kuuliza ni kama yupo aliyekosewa na marehemu amsamehe. Naliuliza. Lakini Bi Mwanamina, dada yangu, wewe hukukosewa na huyu aliyelala hapa, ulikosewa na huyu aliyeshika karatasi. Lori niliandika mimi, bonde kuuzwa niliandika mimi, mkulima na ngazi yake ni mimi, na aliyenyamaza miaka ishirini na minne akikuona unapita na ndoo yako ya kamba peke yako ni mimi. Sikuombi msamaha wangu hapa, mbele ya maiti ya mtu, nitakuja kwako nibishe hodi mwenyewe na unifungie kama ulivyomfungia asiyehusika. Nakuomba huyu tu. Mwachie aende.

Tulieni, jamani, Sijaona, mtani wangu, leo nyamaza. Bi Mwanamina amesimama.

Kwa walioko nje ya ua ambao hawakusikia, narudia alivyosema, sipunguzi. Bi Mwanamina amesema, Mustapha nimekusamehe, nami unisamehe kwa yale ya sokoni, na mlango niliokufungia. Amesema wanawake wa kamba wote mlioko hapa mmesikia. Kisha akanitazama, akasema, wewe mwalimu, usijihesabu humo. Alhamdulillah. Nimesikia, na ni haki.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya na wa Dar es Salaam, waliomhangaikia ndugu yetu tangu Aprili, nawashukuru majirani mliopokezana kupika na kuchota maji, vijana mliochimba kaburi kwenye udongo huu ambao bado una maji, wenzake wa sinema mliosafiri tangu alfajiri, na watani wetu, ambao hata leo hawakukosa la kusema. Mnaotaka kuandika mahali popote kuhusu sinema ile, andikeni Mustapha Mfaume, peke yake, msiongeze jina.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka, kipaza sauti nilikuonea wivu, vicheko vya watu nilikuonea wivu, na tuzo, na watu wote hawa waliojaa mpaka barabarani, ambao nimewahesabu tangu asubuhi nikijiuliza kwangu watakuja wangapi. Sasa umesamehewa mbele ya macho yangu na mimi nimebaki na mlango wa kwenda kubisha. Pumzika kwa amani, Mustapha, na hiyo amani yenyewe, wallahi, nakuonea wivu.